Jibu: Nisaini mkataba wa nyumba mpya Kitchener, Ontario, Jumamosi hii, au nihamie Edmonton, Alberta?

Mkuu, usisaini. Umeandika kwamba bei za nyumba mpya Canada "zinapanda kila mwezi" na unataka kuwahi. Nimejiona mwenyewe, Februari 2022, kwenye ofisi ya mauzo nakula biskuti za bure. Sijawahi kula biskuti ghali kama zile.

Dalali alinionyesha takwimu ya Statistics Canada, idara ya takwimu ya serikali: nyumba mpya zimepanda karibu asilimia 1 kwa mwezi mmoja. Akazidisha kwa 12, nami nikatikisa kichwa kama mtaalamu. Namba haikuwa ya uongo, ila ilikuwa ya nchi nzima, na mimi sikuwa nanunua nchi nzima. Nilikuwa nanunua Kitchener.

Nikasaini dola 1,050,000, kianzio 100,000 kwa awamu. Riba ya Benki Kuu ya Canada ilikuwa 0.25%. Nakabidhiwa funguo Julai 2023, riba imefika 5%. Mthamini wa benki akazunguka dakika ishirini, akagonga ukuta mara mbili, akaandika 880,000. Hapo ndipo nilipojua benki inakopesha kwa bei ya mthamini, si ya mkataba: 80% ya 880,000 ni 704,000. Nilijipanga kuongeza 110,000 juu ya kianzio, nikadaiwa 246,000! Ukikimbia, kianzio kimekwenda na mjenzi anaweza kukushtaki akidai tofauti. Kiwanja cha Kigamboni nikauza, shemeji akanikopesha, kilichobaki nikachukua kwa mtu binafsi kwa riba ambayo mke wangu hajaambiwa mpaka leo. (Mama watoto, ukipita humu, huyu ni mtu mwingine.)

Dalali nilipompigia akaniambia, "Unajua kaka, soko linategemea mji." Sasa ndiyo unaniambia? Kamisheni ameshalamba!

Fungua jedwali la bei za nyumba mpya la Statistics Canada, soma mstari wa mji wako, miezi 12 mfululizo. Jedwali lina miji 27 na ni bure. Mwaka 2024 namba ya kitaifa ilikuwa kama imelala, kumbe Calgary inapanda kwa sababu watu wanahamia Alberta, na miji ya Ontario inaivuta namba hiyo chini. Na kama ni kondo ya ghorofani, jedwali hilo haliihesabu kabisa. Mji wako, miezi 12. Dalali akikataa kukuonyesha, ondoka.

Ya HST (kodi ya mauzo) na shule za watoto watakujibu wengine. Jumamosi nenda tu, kula biskuti, kalamu acha nyumbani.