Ukienda Bangkok, anzia Ayutthaya

Watu wetu wengi wanaofika Bangkok hawaendi kutalii. Wanakwenda kuuza mawe, kufunga mzigo wa nguo Pratunam, au kumpeleka mzazi hospitali. Shughuli ikiisha zinabaki siku mbili tatu kabla ya ndege, na hapo ndipo simu yangu huita: "Kaka, nikatembee wapi?" Niko kwenye biashara ya vito, Bangkok na Chanthaburi nazijua kwa sababu ya kazi, na swali hili limenifuata miaka yote. Jibu langu halijabadilika. Tafuta mwongoza watalii mwenye leseni, mkodi siku mbili, na siku ya kwanza akupeleke Ayutthaya, mji mkuu wa zamani. Bangkok yenyewe iwe siku ya pili.

Kampuni nyingi hupanga kinyume. Huanza na Kasri Kuu la mfalme kwa sababu liko karibu na kila mgeni ameshaliona kwenye picha, halafu Ayutthaya inawekwa mwishoni, ikiwa muda utaruhusu. Mgeni anazunguka katikati ya dhahabu na vigae vya rangi, anapiga picha mpaka simu inazima, na jioni ukimuuliza ameona nini anakujibu "mahekalu". Simlaumu. Bangkok ilijengwa na watu waliokuwa na mji mwingine moyoni, na usipouona huo wa kwanza, huu wa pili hausemi nawe.

Ayutthaya iko kilomita 80 hivi kaskazini mwa Bangkok, pale mito ya Chao Phraya, Lopburi na Pa Sak inapokutana na kuufanya mji kuwa kisiwa. Ilikuwa makao makuu ya Siam, yaani Thailand ya zamani, kwa miaka zaidi ya 400, tangu katikati ya karne ya 14. Aprili 1767, baada ya kuuzingira kwa zaidi ya mwaka, jeshi la Burma liliingia mjini, likauchoma na kuondoka na mateka wengi. Magofu yake yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1991.

Ondoka hotelini mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi si mapema mno, hasa kati ya Machi na Mei ambapo jua la saa sita linakuvunja kabisa. Ukifika Wat Mahathat (wat ni hekalu) utakuta safu za sanamu za Buddha zisizo na vichwa, na matofali mekundu kila upande. Kwenye mti mmoja kuna kichwa cha sanamu kilichozungukwa na mizizi hadi kimekuwa kama sehemu ya shina. Kila mtu anataka picha pale. Mwongozaji mzuri atakwambia uchuchumae kwanza, maana kichwa chako hakitakiwi kuwa juu ya kichwa cha Buddha. Fanya hivyo kwa moyo mmoja. Kwa Wathai kichwa ni sehemu ya heshima kuliko zote, na nyayo ndizo za chini kabisa, kwa hiyo hata ukikaa usinyooshe miguu kuelekea sanamu au mtu.

Ukitoka hapo nenda Wat Phra Si Sanphet, na hapo ndipo ningependa utumie muda mrefu. Utaona chedi tatu zimesimama mstari mmoja, yaani minara ya kuhifadhia mabaki ya wafalme. Hekalu hili lilikuwa ndani ya eneo la kasri na watawa hawakuishi humo; lilikuwa la familia ya kifalme kwa ajili ya ibada zao. Ndani yake ilisimama sanamu ya Buddha yenye urefu wa karibu mita 16, imevikwa dhahabu. Waburma waliiwashia moto ili dhahabu iyeyuke. Mwombe mwongozaji akuonyeshe iliposimama, na uisikilize hadithi yake hadi mwisho, kwa sababu kesho utakutana na sanamu hiyo tena.

Mchana, mwambie mteremke kusini mwa kisiwa, kando ya mto, kwenye mitaa ya wageni wa zamani. Watalii wengi hawafiki huko, na kwangu mimi mtu wa pwani ndiko kunakonigusa zaidi. Wareno walifika Ayutthaya mwaka 1511, miaka sita tu baada ya wenzao kuzipiga Kilwa na Mombasa. Hapa waliingia kama wafanyabiashara, wakapewa eneo la kuishi, na leo utaona misingi ya kanisa lao na makaburi yaliyofukuliwa, mifupa ikiwa wazi. Ng'ambo ya mto walikaa Wajapani, na Waholanzi nao walikuwa na kituo chao. Waajemi pia walikuwepo. Sheikh Ahmad kutoka mji wa Qom alikuja kufanya biashara mwanzoni mwa karne ya 17, akapanda hadi kuwa miongoni mwa mawaziri wakubwa wa mfalme, na ukoo wake, wa Bunnag, uliendelea kushika madaraka makubwa Bangkok hadi karne ya 19. Kaburi lake liko Ayutthaya. Halimo kwenye ratiba za kawaida, ila ukiomba utapelekwa.

Kabla ya kurudi, nunua roti sai mai, kitamu kilichoupa mji huu umaarufu, na wanaoiuza wengi ni Waislamu. Ni chapati nyembamba sana, laini kama kitambaa, za kijani au waridi, na pembeni unapewa fungu la nyuzi za sukari zilizovutwa hadi zikawa kama nywele. Unachukua chapati moja, unaweka nyuzi katikati, unaikunja na kuila papo hapo. Ukisubiri, unyevu wa hewa unaziyeyusha nyuzi.

Siku ya pili sasa. Baada ya Ayutthaya kuanguka, Mfalme Taksin alihamishia makao Thonburi, upande wa magharibi wa Chao Phraya. Mwaka 1782 Rama I, wa kwanza katika nasaba ya Chakri inayotawala hadi leo, alivuka mto na kuanzisha Bangkok. Alitaka Ayutthaya irudi. Matofali ya magofu yalipakiwa majahazini yakateremshwa mtoni kuja kujenga kuta za mji mpya. Mifereji ikachimbwa ili mji uzungukwe na maji kama ule wa kwanza. Na ndani ya kasri likajengwa hekalu lisilo na watawa, Wat Phra Kaew, kama lile uliloliona jana. Ukiingia ukiwa na picha ya chedi zile tatu kichwani, unaelewa mara moja watu wale walikuwa wanarudisha nini.

Humo ndimo mnakaa Buddha wa Zumaridi, mwenye kimo cha sentimita 66 hivi. Jiwe lenyewe ni jedi, si zumaridi, na heshima yake kwa Wathai haipungui kwa hilo hata kidogo. Mfalme mwenyewe humbadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka, kwa msimu wa joto, wa mvua na wa baridi. Ndani hakupigwi picha. Nje, kwenye veranda inayozunguka hekalu, kuna michoro 178 ya Ramakien, simulizi ya Kithai ya vita vya Phra Ram na jitu Thotsakan. Usikubali kukimbizwa kwenye michoro yote. Chagua tukio moja, mwongozaji akusimulie polepole. Mimi huwaambia watu waombe lile la Hanuman, nyani shujaa, anayejikuza hadi kuiweka kambi nzima ya Phra Ram kinywani ili kumlinda usiku, na bado adui anapenya.

Kisha tembeeni hadi Wat Pho. Kila mgeni anakimbilia Buddha aliyelala, mwenye urefu wa mita 46, na kweli anastahili: nyayo zake zimenakshiwa kwa lulumizi alama 108, na nyuma yake kuna mabakuli 108 ambamo watu hudondosha sarafu moja moja. Lakini kabla ya hapo mwulize mwongozaji chedi kubwa ya vigae vya kijani iko wapi. Rama I aliyakusanya mabaki ya sanamu iliyochomwa Ayutthaya, akayaleta Bangkok na kuyajengea chedi hiyo. Nimewahi kusimama pale na mama mmoja wa Tanga aliyekuwa amemleta mumewe kutibiwa. Jana yake alikuwa Wat Phra Si Sanphet. Aliposikia ni sanamu ile ile, alikaa kwenye kivuli akasema, "Kumbe waliizika." Hakutaka kuondoka haraka.

Wat Pho pia ndiko Rama III alikoamuru elimu ya tiba na ya kukanda mwili ichongwe kwenye mawe ili mtu yeyote aisome. Ukiwa na saa moja ya ziada, kandwa pale pale uani. Ukandaji wa Kithai uliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika mwaka 2019.

Toka hapo hadi gati la Tha Tien, pandeni pantoni mvuke kwenda Wat Arun. Mnara wake umepambwa kwa vipande vya vyombo vya Kichina, sahani na bakuli zilizovunjwa zikapangwa kuwa maua. Aliyeona makaburi ya nguzo ya Kunduchi au Mambrui, yaliyopachikwa bakuli za Kichina, atasimama hapo na kutazama kwa karibu.

Sasa tuje kwenye ulinzi wa pesa zako. Karibu na Kasri Kuu atakufuata mtu nadhifu, mpole, atakwambia leo pamefungwa kwa sababu ya sherehe, na kuna bajaji itakuzungusha mahekalu mengine kwa baht 20 tu. Usimwamini. Endelea hadi langoni ukaone mwenyewe. Safari hiyo ya bajaji inaishia kwenye duka la vito, na dereva analipwa na duka. Dada mmoja wa Nairobi aliwahi kuniletea yakuti ya buluu aliyouziwa kwa njia hiyo. Niliiweka chini ya lenzi nikaona mistari ya rangi iliyopinda na vipovu vya hewa. Jiwe la ardhini mistari yake hunyooka au hukata kona. Ikipinda hivyo, jiwe limetengenezwa kiwandani. Alikuwa ametoa akiba ya ada ya mtoto. Polisi wa utalii wanapatikana kwa namba 1155, lakini afadhali usifike huko. Usinunue kito Bangkok ukiwa mtalii, nakuomba.

Ndiyo maana nasisitiza leseni. Kwa sheria ya Thailand kazi ya kuongoza watalii ni ya raia wake tu, na kila mmoja anatakiwa kuvaa kadi yake yenye picha. Kabla ya kulipa, mwandikie haya: vituo vya maduka visiwepo hata kimoja, tiketi za kuingilia analipa nani, na kwa siku msizidishe sehemu tatu au nne. Bei ikiwa ya chini kupita kiasi, ujue maduka ndiyo yatakayomlipa. Mkizoeana mwulize pia kuhusu yeye. Wanaume wengi wa Kithai huingia utawa kwa muda mfupi ujanani, na mwongozaji akikusimulia miezi yake ya kuamka alfajiri kwenda kupokea chakula kwa majirani, utajifunza mambo ambayo hayapo kwenye kibao chochote. Usimwulize siasa za ufalme. Kumtusi mfalme ni kosa la kifungo cha miaka 3 hadi 15, na hata kukujibu tu kunaweza kumletea mwongozaji matatizo.

Mavazi: suruali ndefu au sketi ya kufunika magoti, na nguo yenye mikono, maana mtandio wa kutupia mabegani Kasri Kuu hawaukubali. Viatu viwe vya kuvua haraka. Dada zangu, mtawa msimguse wala kumpa kitu mkononi. Ukitaka kurudi na sanamu ya Buddha, inahitaji kibali cha Idara ya Sanaa. Na usisahau kadi ya manjano, ile ya chanjo ya homa ya manjano: wanaotoka nchi zetu lazima wapite dawati la afya uwanja wa ndege kabla ya uhamiaji, na wengi hupanga foleni ndefu ya uhamiaji kisha wakarudishwa.

Ukibakiwa na nusu siku, nenda Ban Krua, kwenye mfereji wa Saen Saep. Ni mtaa wa Waislamu wa Kicham, kabila la Kambodia na Vietnam, waliopewa ardhi hapo enzi za Rama I, na wao ndio waliofuma hariri ambayo Mmarekani Jim Thompson aliitangaza duniani baada ya Vita vya Pili. Nyumba yake, ambayo sasa ni makumbusho, iko ng'ambo tu ya maji, na wageni huongozwa ndani kwa zamu. Anza na nyumba, kisha vuka daraja uingie mtaani, utoe salamu na uulize nani bado anafuma. Chakula cha halali kinapatikana papo hapo.