Maswali Yenu: Seva ya Mafaili Inapowakataa Wageni Wake wa Zamani

Barua zilizotufikia safari hii karibu zote zinalia kilio kimoja: seva ya kupokelea mafaili imesasishwa, na kazi iliyokwenda vizuri jana usiku imegoma leo asubuhi. Tumechagua tano. Baadhi tumezifupisha, na majina ya ofisi tumeyaondoa.

Swali: Ndugu Mhariri, ninatunza seva ya kampuni ya usafirishaji hapa Morogoro. Kila siku saa sita usiku kompyuta ya zamani iliyoko bohari hututumia faili la mauzo kwa njia ya SFTP (kuhamisha mafaili kwa usiri kupitia SSH) bila mtu kuigusa, kwa kutumia ufunguo badala ya nenosiri. Wiki iliyopita nilihamisha seva kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04, na tangu hapo faili haliingii. Ufunguo ni uleule na mtumiaji ni yuleyule. Kumbukumbu za seva zinasema tu kwamba ssh-rsa haimo katika PubkeyAcceptedAlgorithms. Je, nitengeneze ufunguo mpya? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Usiutupe ufunguo wako, kwani ni mzima. Kilichokataliwa ni namna kompyuta ya bohari inavyotia sahihi kwa kutumia ufunguo huo. Ubuntu 20.04 ilikuja na toleo la 8.2 la OpenSSH, programu inayoendesha SSH na SFTP kwenye seva, na 22.04 ikaja na 8.9. Katikati ya hayo mawili, Septemba 2021, lilitoka toleo la 8.8, ambalo kwa mipangilio yake ya awali liliacha kupokea sahihi za RSA zinazotegemea SHA-1 (njia ya zamani ya kufupisha data kabla ya kutiwa sahihi), kwa sababu watafiti walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba SHA-1 inaweza kughushiwa, na watunzaji wa OpenSSH wenyewe walikadiria kwamba gharama ya kufanya hivyo ilikuwa imeshuka chini ya dola 50,000 za Marekani. Kwa mhalifu mwenye shabaha kubwa, hizo si fedha nyingi.

Jina ndilo linalowachanganya wengi. Neno ssh-rsa ni jina la aina ya ufunguo, na papo hapo ni jina la ile sahihi ya zamani. Ufunguo uleule wa RSA unaweza kutia sahihi kwa njia mpya, rsa-sha2-256 au rsa-sha2-512, ambazo OpenSSH imezijua tangu toleo la 7.2 la mwaka 2016. Kwa hiyo kilichozeeka ni programu iliyoko bohari, na ukitengeneza ufunguo mwingine wa RSA utarudi palepale ulipo. Tiba ya kweli ni kusasisha programu hiyo. Ikiwa haiwezekani, jaribu ufunguo wa aina ya Ed25519, ambao OpenSSH inaufahamu tangu toleo la 6.5 la mwaka 2014. Huenda programu ya bohari inaujua ingawa haijui sahihi mpya za RSA.

Ikiwa yote mawili yameshindikana na mhasibu amesimama mlangoni kwako, ipo njia ya kupitishia siku chache. Mwishoni mwa faili la /etc/ssh/sshd_config fungua kifungu cha Match User chenye jina la mtumiaji huyo mmoja, na ndani yake uandike PubkeyAcceptedAlgorithms +ssh-rsa. Alama ya kujumlisha isikosekane, maana bila hiyo orodha yote ya sahihi nzuri itaondoka na kubaki ile mbovu peke yake. Usiweke mstari huo juu ya faili, nje ya kifungu, kama wengi wanavyoshauriana, kwa kuwa utakuwa umewafungulia watu wote mlango ambao bohari peke yake ndiyo iliyouhitaji. Kabla ya kuwasha upya huduma, endesha amri ya sshd -t ili mipangilio ikaguliwe, na usilifunge dirisha ulilokwisha kuingilia mpaka uhakikishe kwamba dirisha la pili linaingia. Mwandishi wa safu hii aliwahi kujifungia nje ya seva kwa kukosea herufi moja, ikambidi apande basi la alfajiri kuifuata ilipo.

Swali: Bwana Mhariri, mkaguzi wa usalama ametuletea ripoti yenye maandishi mekundu kwamba seva yetu ina OpenSSH 8.9p1, na kwa hiyo ina udhaifu wa usalama ulioorodheshwa kwa namba CVE-2024-6387. Sisi husasisha kila Ijumaa bila kukosa. Nani mkweli? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Inaelekea mkaguzi amesoma nusu ya jina. Wasambazaji kama Ubuntu, Debian na Red Hat kwa kawaida hawabadilishi toleo la msingi la programu kama hii katikati ya uhai wa mfumo. Huchukua marekebisho ya usalama peke yake na kuyashonea kwenye toleo lilelile la zamani, kama fundi cherehani anavyotia kiraka kwenye kanzu bila kukushonea nyingine. Ndiyo maana namba ya mbele hubaki 8.9p1 mwaka baada ya mwaka, na habari yote huwa mkiani. Endesha dpkg -l openssh-server. Kwa Ubuntu 22.04, dawa ya udhaifu huo imo katika kifurushi cha 1:8.9p1-3ubuntu0.10, na kwa Debian 12 imo katika 1:9.2p1-2+deb12u3. Ukiona hiyo au ya mbele yake, mpelekee mkaguzi mstari huo mzima. Mkiwa mnalinganisha, kumbukeni kwamba 0.10 inakuja baada ya 0.9. Hizi si desimali, na tumewahi kumwona mtu makini kabisa akisisitiza kwamba 0.9 ndiyo kubwa.

Inafaa kuujua udhaifu wenyewe, kwa sababu unafundisha kuhusu masasisho kuliko somo lolote la darasani. Seva ya OpenSSH humpa mgeni sekunde 120 za kujitambulisha. Muda ukiisha, mfumo huipigia programu kengele, nayo huacha ilichokuwa ikifanya ili ishughulikie kengele hiyo. Katika matoleo yenye udhaifu, kazi mojawapo iliyofanywa wakati huo ilikuwa kuandika kwenye kumbukumbu za matukio ya seva, na uandishi huo haukuwa salama kuanzishwa wakati kazi nyingine imekatizwa njiani. Kengele ikilia sekunde ileile ambayo programu ilikuwa ikipanga nafasi kwenye kumbukumbu ya kompyuta yenyewe (RAM), mpangilio huvurugika, na mvamizi mwenye subira anaweza kuutumia mvurugiko huo kuingia akiwa na mamlaka yote ya msimamizi mkuu. Watafiti wa Qualys, walioutangaza tarehe 1 Julai 2024, walieleza kwamba katika majaribio yao kwenye Linux ya biti 32 iliwachukua kwa wastani majaribio kama 10,000 kuipata nafasi hiyo, na kwa jumla saa sita hadi nane za kugonga mlango mfululizo hadi kuingia.

Kinachosikitisha ni kwamba ufa huo ulikuwa umezibwa mwaka 2006. Oktoba 2020, katika kupanga upya sehemu ya kuandikia kumbukumbu, kipande kidogo cha kinga kiliondolewa bila kukusudia, na tundu likatoka pamoja na toleo la 8.5p1 mwaka uliofuata, likakaa humo hadi 9.8. Tazama basi: seva ya ndugu yetu wa Morogoro, ilipokuwa bado na 8.2, haikuguswa na udhaifu huu hata kidogo, na ni kule kuhamia 22.04 kulikoifanya ihitaji kiraka. Hatusemi hivyo ili watu wabaki na mifumo ya kale, maana 8.2 ina kasoro zake. Tunasema ili mtu asidhani kwamba namba kubwa ni kinga yenyewe.

Swali: Tangu tuhamie Debian 13, watumishi wa tawi letu hukataliwa wote kwa pamoja na seva ya SFTP kwa dakika kadhaa, kisha hukubaliwa tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Intaneti ipo, tovuti zinafunguka. Kampuni ya intaneti inasema tatizo si lao. (Msomaji, Arusha)

Jibu: Safari hii kampuni ya intaneti ina haki. Debian 13 inatumia OpenSSH 10.0, na tangu toleo la 9.8 seva imepewa tabia mpya ya kuweka hesabu ya makosa kwa kila anwani ya IP. Mpangilio wake unaitwa PerSourcePenalties, nao umewashwa tangu mwanzo. Kila anayekosea kujitambulisha huongezewa adhabu ya sekunde 5; adhabu zikikusanyika hadi sekunde 15 seva huanza kuikataa anwani hiyo, na zikiendelea kulimbikizana zinaweza kufika dakika 10.

Sasa fikiria tawi lenu. Kompyuta zote zinatoka nje kupitia kisambaza intaneti kimoja, kwa hiyo mbele ya seva ninyi ni mtu mmoja. Inatosha kompyuta moja, pengine ya mtu aliye likizo, iwe na nenosiri la zamani lililohifadhiwa na programu inayojaribu kuingia kila dakika, tawi zima liadhibiwe. Mtafuteni huyo kwanza; jarida la huduma ya ssh litawaonyesha jina la mtumiaji anayeshindwa mara kwa mara. Baada ya hapo, kama tawi lina anwani ya IP isiyobadilika, liandikeni katika PerSourcePenaltyExemptList ili lisamehewe. Kama anwani hubadilika kila mara, orodha hiyo haitawasaidia, na itabidi mpunguze makali ya adhabu yenyewe. Msiizime kabisa. Kwa maoni yetu hiki ni kipengele kizuri kuliko vingi vilivyoongezwa miaka ya karibuni, kwa kuwa kinamchosha mgonga mlango wa usiku bila kuhitaji programu ya pembeni.

Swali: Amri ya scp niliyoitumia miaka yote kuchukua mafaili kutoka kwenye kifaa cha kurekodia kamera imekataa baada ya kubadilisha kompyuta yangu. Kifaa hakijaguswa. (Msomaji, Unguja)

Jibu: Ongeza -O, herufi kubwa, mara baada ya scp. Tangu OpenSSH 9.0 ya Aprili 2022, amri ya scp inazungumza itifaki ya SFTP kwa ndani badala ya ile ya kale, na vifaa vingi vidogo havina SFTP. Herufi hiyo inairudisha kwenye lugha ya zamani. Itumie kwa kifaa hicho tu.

Swali: Mwalimu wetu anasema tusasishe siku ileile toleo linapotoka. Mwenzangu anasema tusubiri mwezi ili wengine wapate hasara kwanza. Mimi mwenyewe nimepakua vsftpd (programu ya seva ya FTP) mpya kutoka tovuti fulani ili nisisubiri mfumo. Nani ana busara? (Mwanafunzi, Mwanza)

Jibu: Swali lenyewe limechanganya vitu viwili. Kipengele kipya kinaweza kusubiri hata miezi mitatu. Kiraka cha tundu ambalo tayari linatumiwa na wahalifu hakisubiri hata usiku mmoja. Mei 2023, kampuni ya Progress ilipotangaza udhaifu katika programu yake ya kuhamishia mafaili, MOVEit Transfer, wavamizi walikuwa wamekwisha kuanza kuiba mafaili kwa siku kadhaa, na ushauri wa kwanza wa kampuni hiyo ulikuwa kuzima kabisa mawasiliano ya wavuti kuelekea kwenye seva mpaka kiraka kiwekwe. Wala kiraka cha kwanza si lazima kimalize kazi. Oktoba 2024, programu za kuhamishia mafaili za kampuni ya Cleo zilirekebishwa katika toleo la 5.8.0.21, lakini Desemba ikaonekana kwamba hata waliosasisha walikuwa wakivamiwa, ikabidi litoke 5.8.0.24. Aliyesasisha Oktoba akaona amemaliza alikosea kama aliyelala.

Ama kuhusu faili ulilopakua, lifute. Mwaka 2011 kifurushi cha vsftpd 2.3.4 kilichokuwa kwenye tovuti rasmi ya programu hiyo kilibadilishwa na mtu asiyejulikana. Mtu akiandika jina la mtumiaji lenye alama ya uso unaotabasamu, :), seva ilifungua lango namba 6200 na kumkabidhi mgeni mamlaka yote. Mtu aliyehakiki sahihi ya kidijitali ya kifurushi aligundua kwamba hailingani. Aliyepakua tu na kusakinisha hakuona kitu. Ikiwa hayo yalitokea kwenye tovuti rasmi, hiyo tovuti yako fulani tuizungumzie vipi?

Hata sahihi ina mpaka wake. Machi 2024, maktaba ya xz ya kubana data, matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ilikutwa na mlango wa nyuma uliolenga OpenSSH, na aliyeuweka alikuwa mmoja wa watunzaji wa mradi wenyewe, kwa hiyo sahihi zilikuwa halali. Ulifichuliwa na mhandisi wa programu Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwa ssh kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, akakataa kulipuuza jambo hilo. Matoleo hayo yalikuwa yamefika katika matawi ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini si katika Debian imara. Wewe sakinisha vsftpd kutoka hazina ya mfumo wako kwa apt. Ikikuandikia 500 OOPS kwa sababu folda ya mtumiaji inaandikika, iondolee folda hiyo ruhusa ya kuandika, tengeneza ndani yake folda nyingine ya kupokelea mafaili, na umpe mtumiaji ruhusa katika hiyo ya ndani.