Uliza Ujibiwe: Malkia Esta, Purimu na Watoto wa Sande Skuli

SWALI: Bwana asifiwe dada. Nafundisha sande skuli huku Dodoma, watoto wangu ni wale wadogo, miaka 4 mpaka 8. Mwezi wa tatu tumepangiwa kitabu cha Esta, yule binti wa Kiyahudi aliyekuwa malkia wa Uajemi, na nimesikia Wayahudi mpaka leo wana sikukuu yake inaitwa Purimu, watoto wao wanavaa mavazi ya kuigiza na kupiga makelele, nikaona itawafaa watoto wangu kujifunza imani yenye ujasiri. Sasa mzazi mmoja kanijia juu, anasema sikukuu za Kiyahudi hazituhusu, tusiwachanganye watoto. Na mimi mwenyewe nikifika mwisho wa kitabu, Hamani, yule mkubwa wa mfalme aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi wote, anatundikwa halafu maadui wa Wayahudi 75,000 wanauawa, naishiwa nguvu, hiyo namwambiaje mtoto wa miaka mitano? Nianzie wapi?

JIBU: Amina mwalimu. Tuanze na huyo mzazi manake usipomalizana naye atakusumbua mpaka Pasaka. Mwambie afungue Esta sura ya 9, Purimu imeandikwa humo humo, kwenye Biblia yake ya nyumbani, kwamba Mordekai, yule ndugu aliyemlea Esta, aliandika barua Wayahudi waishike siku ya 14 na ya 15 ya mwezi wa Adari wa kalenda ya Kiyahudi kila mwaka, iwe siku ya karamu na furaha, ya kupelekeana zawadi na kuwapa maskini. Hata jina lenyewe linatokana na puri, ile kura aliyopiga Hamani kutafuta siku ya kuwaangamiza. Kwahiyo hatuleti kitu kigeni kanisani, tunamweleza mtoto kitu ambacho atakisoma mwenyewe akikua. Ila mzazi ana haki kwenye jambo moja, na hapa naomba unisikilize vizuri: kujifunza sikukuu ya watu sio kujifanya wewe ndio wao. Waambie watoto wazi, "hii ni sikukuu ya Wayahudi, wanaisherehekea mpaka leo, sisi leo tunajifunza wanachokumbuka". Usiwavishe vikofia vya Kiyahudi wala shali za maombi, hayo ni mambo yao matakatifu sio kostyumu. Taji la malkia la karatasi linatosha.

Na wakumbushe kwamba Yesu, Mariamu mama yake, Petro, wote walikuwa Wayahudi. Kuna watoto wanakua kanisani wakisikia neno Wayahudi siku ya Ijumaa Kuu tu, tena kwa ubaya, na wewe una nafasi ya kulirekebisha hilo mapema.

Sasa Purimu yenyewe ikoje. Inaangukia mwisho wa mwezi wa pili au mwezi wa tatu kwa kalenda yetu, mwaka 2027 kwa mfano inaanza jioni ya tarehe 22 Machi na kuendelea mchana wa tarehe 23. Yerusalemu wao wanaifanya siku moja baadaye, manake ni mji wa kale wenye kuta kama Shushani, mji wa ikulu ya mfalme, ambako Wayahudi walichelewa kupumzika kwa siku moja, soma 9:18. Siku moja kabla wengi wanafunga, wanaita mfungo wa Esta. Kisha jioni wanakusanyika sinagogi, gombo la Esta linasomwa lote mwanzo mpaka mwisho, na asubuhi linasomwa tena, na kila likitajwa jina la Hamani watoto wanapiga miguu chini na kuzungusha vile vyombo vya kelele ili jina lisisikike. Mchana kuna karamu, kila mtu anampelekea angalau mtu mmoja vyakula vya aina mbili vilivyo tayari kuliwa, na anatoa sadaka kwa maskini wasiopungua wawili. Hapo una somo zima mwalimu, masikio, miguu, mikono na tumbo vyote vina kazi, na mtoto wa miaka minne hajui kujifunza kwa kukaa kimya.

Lakini moyo wa somo ni ujasiri, na hapa ndio nina neno kubwa la kukuambia. Walimu wengi wakimfundisha Esta wanaruka hofu yake. Anakuwa malkia mzuri, anavaa mavazi, anaingia kwa mfalme, fimbo ya dhahabu inanyooshwa, haleluya, stori imeisha. Rudi sura ya 4 uisome taratibu. Mordekai yuko nje kwenye lango la mfalme amevaa gunia na majivu, Esta hata hajui kuna nini, anamtumia nguo abadilishe, Mordekai anazikataa. Ndipo Esta anamtuma Hathaki, msimamizi mmoja wa pale ikulu, akaulize. Hathaki anaenda, anarudi na habari na nakala ya ile amri ya kuwaangamiza Wayahudi, na ombi la Mordekai kwamba Esta aingie kwa mfalme awaombee watu wake. Na jibu la kwanza la Esta halikuwa ndiyo! Alisema kila mtu anajua anayeingia kwa mfalme bila kuitwa anakufa asiponyooshewa ile fimbo ya dhahabu, na mimi sijaitwa siku thelathini. Yaani anaogopa, na ana sababu ya kuogopa, huyu ni mfalme aliyemwondoa malkia wa kwanza kwa kukataa kuja alipoitwa.

Basi igizeni hiyo sura ya 4. Benchi moja upande huu liwe ikulu, benchi lingine kule mlangoni liwe lango, Mordekai anakaa na gunia begani, Esta na taji lake, na katikati Hathaki anakimbia na ujumbe. Mpe nafasi ya Hathaki yule mtoto wako asiyetulia, kila darasa lina mmoja, atakimbia kwa furaha na ataukumbuka ujumbe neno kwa neno kwasababu kapewa kazi ya kweli. Na yule anayeigiza Esta mwache aseme kwa sauti "naogopa". Muulize darasa zima, nani hapa ameshawahi kuogopa kufanya kitu kizuri? Utashangaa mikono itakayonyooka. Kisha ndio mwonyeshe Esta alifanya nini na hofu yake: hakuificha, hakwenda peke yake, alituma ujumbe Wayahudi wote wa Shushani wafunge kwa ajili yake siku tatu, na yeye na wajakazi wake wakafunga pia. Wayahudi wa mji mzima walikuwa nyuma yake kabla hajapiga hatua moja.

Ndio maana mimi sikubaliani na mistari ya kukariri tunayowapa watoto wadogo. Wengi wanakaririshwa "nikiangamia, na niangamie". Mtoto wa miaka mitano anajifunza nini hapo? Kwamba Mungu anapenda ajitupe kwenye hatari? Lile ni neno la mtu mzima aliyepima jambo lake akiwa na watu wake. Mpe mtoto sehemu ya mwanzo ya mstari huo huo, "mkafunge kwa ajili yangu", umweleze kwamba ni kusema "niombeeni, nisaidieni". Ujasiri wa umri wake ni kumwambia mama kwamba kuna mtu mkubwa amemtisha au kumshika vibaya, ni kusema ukweli nani kavunja dirisha, ni kukaa na yule mtoto anayechekwa. Na ukishawafundisha kuwa mtoto jasiri anasema, hakikisha na wewe na walimu wenzako mko tayari kusikiliza wakija kusema, la sivyo mmewadanganya.

Kitu kingine usikiache, Esta alikuwa yatima. Baba hana mama hana, alilelewa na Mordekai binamu yake, mtoto wa ami yake. Kwenye darasa lako wapo wanaolelewa na bibi, na shangazi, na dada mkubwa, hutakiwi kuwataja wala kuwaangalia, sema tu kwamba Esta alilelewa na ndugu yake na Mungu akamtumia, wenyewe watasikia. Kuhusu jinsi alivyofika ikulu, usiseme shindano la urembo kama tunavyosikia siku hizi, Biblia inasema mabinti walikusanywa kwa amri ya mfalme naye Esta akachukuliwa. Kwa wadogo inatosha kusema "akapelekwa ikulu, akawa malkia" uendelee.

Haya, lile la damu. Kwa wa miaka 4 mpaka 6 sema hivi, "mfalme akajua ubaya wa Hamani, Hamani akaadhibiwa, na Wayahudi wakaokoka", basi, sio uongo na wala huwadai zaidi. Sura ya 6 itakusaidia kuwafurahisha, mfalme anakosa usingizi, anasomewa kitabu cha kumbukumbu jinsi Mordekai alivyomwokoa, mwisho Hamani anajikuta anamtembeza Mordekai juu ya farasi na kumtangaza mjini, watacheka mpaka basi. Wale wa miaka 7 na 8 watauliza, nao wana haki ya jibu. Waeleze kwamba amri ya mfalme wa Uajemi ilikuwa haifutiki, sura ya 8 inasema hivyo, kwahiyo ilitoka barua ya pili ikawaruhusu Wayahudi kujitetea siku ile ile waliyopangiwa kuuawa, wakapigana na waliowachukia, na kitabu kinasema mara tatu kwamba hawakugusa nyara. Usiwahesabie maiti, na usishangilie. Mtoto akisema "ni huzuni", mkubalie kwamba ni huzuni.

Na kuhusu zile kelele za kufuta jina la Hamani, watoto watazipenda, makopo yenye mahindi ndani yanatosha. Ila kabla ya kelele wape sababu: Hamani alikasirishwa na mtu mmoja asiyemwinamia, Mordekai, akaamua kuangamiza kabila lake lote. Mtu mmoja, halafu watu wote wenye damu yake. Sisi wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu tumeona hiyo kitu inafika wapi. Kwahiyo ukisikia mtoto anamwita mwenzake Hamani kwasababu ya kabila au dini yake, simamisha mchezo hapo hapo, hiyo ndio dhambi yenyewe ya Hamani imerudi darasani.

Ukitaka cha kula, kuna biskuti za Purimu, Israeli wanaziita masikio ya Hamani, zina pembe tatu kama sambusa ila ni tamu. Unga wa biskuti wa kawaida, sukuma, kata duara kwa mdomo wa glasi, weka jemu katikati kiasi cha nusu kijiko cha chai, kunja kingo tatu na ubane pembe kwa nguvu. Watoto watajaza jemu mpaka ivuje kwenye oveni, wala usiwagombeze. Wapakie kila mtoto biskuti na ndizi, tayari ni vyakula viwili, ampelekee mtu mmoja, tena asiwe rafiki yake wa kila siku. Na sadaka ya siku hiyo iende kwa familia mbili zenye uhitaji mnazozijua pale kanisani, ipelekwe kimya kimya.

SWALI: Mwanangu wa miaka 7 tunasoma naye Biblia kila usiku huku Nakuru, tumemaliza Esta akaniuliza, mama, Mungu yuko wapi humu? Nikakosa jibu. Ni kweli hatajwi?

JIBU: Ni kweli mama, mpongeze sana huyo mtoto, kasoma kwa macho yake. Katika Esta ya Kiebrania, ambayo ndio wengi wetu tunayo, jina la Mungu halimo hata mara moja. Biblia za Kikatoliki zina sehemu za nyongeza kutoka Kigiriki, na humo kuna sala za Mordekai na za Esta, ukipata moja msome naye. Usimpe jibu la haraka. Rudini naye sura kwa sura mtafute pale mambo yalipopinduka bila mtu kupanga: mfalme anakosa usingizi usiku ule ule, kitabu kinafunguliwa ukurasa wa Mordekai, Hamani anaingia uani dakika ile ile. Mwache yeye aseme anadhani ni nani. Na kama kuna siku na yeye aliomba akaona kimya, hapo atakuwa na cha kukuuliza zaidi, mkae mzungumze.

SWALI: Sisi tuko Tororo. Nimeambiwa kuna Wayahudi Waganda jirani tu na Mbale, kweli? Nataka niwaambie watoto wangu, mkubwa ana miaka 9.

JIBU: Kweli kabisa, wanaitwa Abayudaya. Walianza mwaka 1919 na Semei Kakungulu, yule kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, aliposoma Agano la Kale akaamua kulishika lilivyo, akatahiriwa yeye na wanawe. Wana sinagogi kilima cha Nabugoye, na rabi wao Gershom Sizomu alisomea Marekani, akawekwa wakfu mwaka 2008, tena akaja kuwa mbunge. Ukitaka imani yenye ujasiri iliyo karibu na nyumbani ndio hii: wakati wa Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, wengi wakaiacha, wachache wakaendelea kusali kwa siri. Amin akaangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni ya siku hiyo ndio Pasaka ya Kiyahudi ilikuwa inaingia, sikukuu ya kutoka utumwani. Huyo wa miaka 9 mwambie yote, ataelewa. Wadogo zake wasubiri kwanza. Na mkitaka kwenda kuwatembelea ombeni ruhusa mapema, msiende Jumamosi na kamera, hiyo ni Sabato yao.