Mnaoomba michango kwa ajili ya programu huria: maswali yenu na majibu

Maswali haya yameletwa na watu wanaoendesha jamii ndogo za programu mtandaoni. Wanatengeneza programu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote, wanaigawa bure, na gharama za seva hulipwa na michango ya watumiaji.

Watumiaji wetu ni wengi, ila wachangiaji wanahesabika kwa vidole. Kitufe cha kuchangia tumekiweka. Tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba kitufe kimeachiwa kazi ya kuomba. Mtu hufungua mkoba anapoelezwa pesa ni za nini, zinatakiwa kiasi gani, na lini zitahitajika.

Tazameni kilichotokea kwa Blender, programu ya kuchora picha za pande tatu. Mwaka 2002 kampuni iliyoimiliki ilifungwa, na wawekezaji wakakubali kuuachia msimbo wake kwa yuro 100,000. Ton Roosendaal, aliyeiasisi programu hiyo, akawaendea watumiaji na kuwaomba kiasi hichohicho. Ndani ya wiki saba pesa zilikuwa zimetimia, na Oktoba mwaka huohuo msimbo ukatolewa kwa GPL, leseni inayomruhusu yeyote kuutumia, kuubadilisha na kuugawa. Kila aliyetoa alijua anachokinunua. Mradi wa OpenBSD nao, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, Januari 2014, ulisema waziwazi kwamba una bili ya umeme ya dola 20,000 isiyo na wa kuilipa, na watu wakaitikia.

Kwa hiyo andikeni: seva ni kiasi hiki kwa mwaka, jina la tovuti kiasi hiki, nakala za akiba kiasi hiki, na mkataba unakwisha mwezi fulani. Wekeni na mstari unaoonyesha mmefikia wapi. Halafu ombeni pale watu walipo, yaani ndani ya programu yenyewe. Thunderbird, programu ya barua pepe, ilipata zaidi ya dola milioni 6 za michango ya watumiaji mwaka 2022, na ombi lake lilikuwa likijitokeza mbele ya mtumiaji akiwa kazini. Kwenu mara moja au mbili kwa mwaka zinatosha. Ujumbe ufungike kwa mbofyo mmoja, na ukishafungwa usirudi hadi msimu ujao. Programu inayomkatiza mtu kazi kila siku inampoteza mchangiaji na mtumiaji kwa pamoja.

Tuuze fulana na stika?

Kama ni kwa furaha ya kuvaa nembo yenu, uzeni. Kama ni kwa ajili ya fedha, mtavunjika moyo. Kuna saizi, posta, ushuru wa forodha na mizigo inayopotea njiani, na anayebeba yote hayo ni mtu wa kujitolea ambaye mngemhitaji kwenye msimbo. Tumieni huduma inayochapisha na kutuma kila oda inapoingia, mridhike na faida ndogo.

Afadhali muuze programu yenyewe. Krita, programu ya uchoraji, hupakuliwa bure kwenye tovuti yake, na papo hapo inauzwa kwenye Steam, duka la mtandaoni la michezo na programu, na kwenye duka la Microsoft. Mnunuzi anapata urahisi wa kusasishiwa na anafurahi kuwa ameunga mkono mradi. GPL haikatazi kuuza.

Mchango mmoja mkubwa, au midogo ya kila mwezi?

Ya kila mwezi, kwa sababu hata bili zenu zinakuja hivyo. Ila piganeni na tozo. Tuseme kila muamala unakatwa senti 30 kabla ya asilimia yoyote: dola moja kwa mwezi inapoteza karibu theluthi yake kila mara, ilhali dola 12 zilizotolewa kwa mkupuo mmoja zinakatwa senti hizo mara moja tu. Kwa wanaotoa kidogo, wapeni nafasi ya kulipa kwa mwaka.

Michango inaingia kwenye akaunti binafsi ya mwenzetu. Ni mwaminifu, lakini minong'ono imeanza.

Ihamisheni hata kama minong'ono ingekuwa haijaanza. Mnamtwisha mwenzenu mzigo mbaya: kodi inaweza kuhesabiwa kwa jina lake, na akiugua au akiondoka, jamii nzima imekwama. Si lazima msajili taasisi yenu. Yapo mashirika yanayoshika fedha za miradi kama hii kwa niaba yake, kwa makato fulani. Software in the Public Interest, lililoanzishwa mwaka 1997, linaishikia Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Software Freedom Conservancy linahudumia Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo, na Inkscape, programu ya michoro. Kwenye Open Collective, jukwaa la mtandaoni la kukusanya na kutunza michango, kila pesa inayoingia na kutoka huonekana na yeyote.

Wakati mnasubiri kukubaliwa, chapisheni hesabu. Linux Mint, mfumo mwingine huria wa kuendeshea kompyuta, hufanya hivyo kila mwezi, jumla ya michango pamoja na majina ya waliotoa. Asiyependa jina lake litajwe aachwe bila kutajwa.

Kampuni inatumia programu yetu kila siku lakini haichangii. Tuiombe vipi?

Msiiombe mchango. Ofisi nyingi za uhasibu hazijui kuchangia ila zinajua kulipa ankara. Wauzieni msaada wa kiufundi wa mwaka, mafunzo, au nafasi ya mdhamini, na muwape ankara yenye namba. Mkiulizwa kwa nini walipie kilicho bure, wakumbusheni OpenSSL, programu huria inayoficha mawasiliano ya mtandaoni yasisomwe na wengine. Sehemu kubwa ya mtandao iliitegemea huku mradi ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka, mpaka kasoro yake ya usalama iliyoitwa Heartbleed ilipofichuka mwaka 2014. Ndipo kampuni kubwa zikachanga kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia miradi ya programu huria.

Jambo moja nalisisitiza: pesa zisinunue uamuzi. Kampuni inaweza kulipia kazi ambayo mngeikubali hata bila malipo. Hilo liandikwe kwenye makubaliano kabla ankara haijatoka.

Tukimlipa mmoja wetu, wengine hawatasusa?

Watasusa wakigundua kwamba mlimlipa kwa siri. Lipieni kazi ambayo hakuna anayeigombania: kutunza seva, kuandaa matoleo, kuziba mianya ya usalama. Tangazeni kazi na malipo yake, wenye nia wajitokeze, na mkataba wa kwanza uwe wa miezi michache.