Mama, Tito na mchicha wa Krete

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mgeni mwenye siku moja tu kwenye kisiwa chenye historia ndefu, aimalizie kwenye magofu au kwenye chakula? Ningesoma nikapita, kama si yule msomaji aliyeandika kwamba magofu waachiwe waliosoma, maana mtu wa kijijini ukimpeleka huko ataona mawe tu. Neno hilo limenichoma. Mama yangu ni mkulima wa Lushoto, shule aliishia darasa la nne, na mimi nimempeleka Krete, kisiwa cha Ugiriki.

Basi jibu langu ni magofu kwanza. Chakula cha Kigiriki kimejaa hata hapa Piraeus, bandari ya Athens, ninapoishi na mume wangu. Ukuta wa sheria wa Gortyn, mji wa kale wa Krete, uko Gortyn tu.

Mama alikuja kumwona mjukuu. Nilipomtajia visiwa, alichagua Krete bila kufikiri mara mbili, kwa ajili ya Tito. Ni mzee wa kanisa, Mlutheri, na ile barua ya Paulo anaijua vizuri: kwamba Tito aliachwa Krete ili ayatengeneze yaliyopunguka na kuweka wazee katika kila mji. Alitaka aione hiyo miji.

Tulianzia Knossos, magofu ya kasri la kale nje kidogo ya Heraklion, mji mkuu wa kisiwa, jua la Julai likiwaka. Mfanyabiashara wa hapo mjini, Minos Kalokairinos, alichimba mwaka 1878 akakuta maghala yenye mitungi mikubwa. Mwingereza Arthur Evans akaanza kuchimba 1900, kisha akajenga upya sehemu za kasri kwa zege na kuzipaka nguzo rangi nyekundu. Zege ile siipendi. Inamnyima mgeni nafasi ya kujua kipi kimesimama miaka zaidi ya 3,000 na kipi kimemwagwa juzi. Mama alitazama kiti cha enzi, akatazama mitungi, hakuuliza kitu. Akaomba tukae kivulini. Yule msomaji wenu angekuwepo angesema, si mnaona?

Kesho yake tukapanda basi la Mires, tukashuka Gortyn, uliokuwa mji mkuu wa Krete wakati wa Warumi. Kanisa la kale la Tito limebakia hasa upande wa madhabahu. Mama aliomba pale kwa muda, nami nikamwacha. Hatua chache mbele kuna ukuta wa sheria, zilizochongwa kama karne ya tano kabla ya Kristo, mistari zaidi ya 600, mmoja ukienda kushoto na unaofuata ukirudi kulia. Nikamweleza yaliyomo: mke akiachwa anaondoka na mali aliyokuja nayo pamoja na nusu ya alichofuma, kwenye urithi mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, wa kike moja (watu wa Pwani hesabu hiyo mnaijua). “Alikuwa anaondoka na vyake?” akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akataka nirudie.

Njaa ikatupeleka kijiji cha jirani, Agioi Deka, kwenye mkahawa wenye meza chini ya mti. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, nguo nyeusi, mikono ya shamba. Alituletea dakos: mkate mkavu wa shayiri, mgumu kweli, umelainishwa kwa maji kidogo, juu yake nyanya ya kukunwa, jibini nyeupe ya mizithra, oregano na mafuta ya zeituni. Mama akala kwa adabu ya ugenini. Kisha ikaja sahani ya majani yaliyochemshwa pamoja na maboga machanga marefu ya kijani, na limao pembeni. Mama hakula. Alichomoa jani moja kwa vidole, akalitandaza kwenye ukingo wa sahani, akalifuata mshipa kwa ukucha mpaka kwenye kikonyo. “Mwanangu, huu ni mchicha.” Akachomoa lingine. “Na huu mnavu.”

Nilimtafsiria mwenye mkahawa. Yule mama hakusema neno, alimshika mama mkono akampeleka bustanini nyuma ya jiko. Kweli, mchicha ulikuwa umesimama katikati ya mistari ya nyanya, na mnavu umejiotea kando ya mfereji. Mama akainama akachuma vichwa kama anavyochuma kwake, akiacha macho ya chini yachipue tena. Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Ndipo yakaanza maswali, nami katikati natafsiri huku na huku: kwa nini hamkaangi? Kitunguu je? Karanga hamtii? Yule mama akajibu kwamba jani jema halitaki kufichwa, akarudi mezani akayamiminia mafuta mabichi mengi kuliko mara ya kwanza. Safari hii mama alimaliza sahani. Ilipoletwa raki ya bure, pombe kali ya huko, akaikataa kwa upole, akaletewa tikiti. Njiani aliniambia kwamba Tito 1:12, panapowaita Wakrete waongo na walafi, hataweza kupasoma tena bila kumkumbuka yule mama.

Tulipofika jumba la makumbusho la Heraklion alikuwa mtu mwingine. Kwenye vibao vya udongo vya Knossos, ambavyo moto ulioteketeza kasri ndio uliovioka vikadumu, alisimama mpaka nikachoka mimi. Maandishi yake yalisomeka mwaka 1952, kazi ya Michael Ventris, naye alikuwa msanifu majengo. Ni hesabu tupu: mafuta, kondoo, sufu, posho za wanawake wafumaji. “Hili ni daftari la ghala,” mama akasema, na hapo hapo akaikumbuka mitungi ya juzi. Akataka kujua mtungi unaomzidi mtu kimo ulioshwaje ndani.

Nilianza na magofu kwanza, na bado nasema si ya waliosoma peke yao. Ila mwenye siku moja namshauri aanzie mezani, tena kijijini, siyo mikahawa ya ufukweni yenye menyu za picha. Knossos akiikosa isimuumize sana. Hilo nalisema nikijua kwamba mama alifika na Tito wake moyoni, na asiye na Tito huenda akaanza kwingine. Na msimu nao uangaliwe: mchicha ni wa kiangazi. Ukienda Februari uliza stamnagathi, jani la porini lenye uchungu unaokaribia wa mchunga.