Jibu: "Compel" na "force" ni kitu kimoja?

Habari ndugu. Umeuliza kama "compel" na "force", maneno ya Kiingereza ya "kulazimisha", ni kitu kimoja, na kwa nini sentensi yako "They compelled me sign" (walinilazimisha kusaini) imekosolewa. Kwanza angalia kinachofuata baada ya mtu anayelazimishwa: "compel" hudai "to", kwa hiyo "They compelled me to sign". Nadhani umechanganya na "make", ambayo haiitaki: "They made me sign". Ila ukigeuza iwe kutendwa, "to" inarudi: "I was made to sign". Hapo nimeteleza sana mimi!

Kimaana, "force" ni pana, hata mlango uliokwama hufunguliwa kwa "force". "Compel" ni pale sheria, wajibu au dhamiri inapokusukuma. Kama ulitishwa, "coerce" inafaa zaidi: "I was coerced into signing". Halafu "compelled" ina l mbili.