Kustaafu ni kwa mwenye barua ya ajira

Mkuu, umeuliza kwa nini wazee wanang'ang'ania kazi badala ya kupumzika. Kwanza, wengi wao wastaafu kutoka wapi? Miaka 60 ya kustaafu Tanzania inamhusu mtumishi anayekatwa michango ya mfuko wa pensheni, PSSSF au NSSF. Fundi cherehani, mama wa genge, mkulima wa Njombe: hao hakuna anayewaandikia barua ya kustaafu, wanaacha kazi siku mwili unapogoma. Zanzibar angalau kuna pensheni jamii tangu 2016 kwa wenye miaka 70 na kuendelea, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye 50,000. Hela ya sukari na dawa hiyo, basi.

Na mwenye mfuko wa pensheni je? Mkupuo, yaani sehemu ya mafao anayolipwa kwa mara moja akistaafu, ulipandishwa 2024 kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa baadhi yao, lakini unamkuta nyumba haijaezekwa, kitinda mimba yuko chuo, na wajukuu wameletwa kwake "kwa muda". Lazima afungue duka.

Wapo pia wanaotoka tu wasishinde ndani wakigombana na bibi. Natania, ila si sana.